Kwa nini hamu ya sigara hudumu hata baada ya kuhamia mvuke

MVUTAJI anaponunua sigara ya kielektroniki na kutupa pakiti yake ya mwisho, aghalabu hutarajia kwamba hamu ya sigara itaondoka pamoja na pakiti hiyo. Siku mbili tatu baadaye hujikuta ameshika kifaa, mvuke umetanda chumbani, ilhali nafsi yake bado inaililia sigara yenyewe.

Wengi huamua papo hapo kwamba kifaa ni ulaghai, au kwamba wao wenyewe ni wanyonge. Haupiti muda kabla hawajarudi kibandani kununua sigara moja, kisha ya pili, na mwishowe wanavuta vyote viwili.

Hukumu zote mbili hazina haki. Hamu inayobaki baada ya mtu kuacha moshi na kuhamia mvuke ina sababu zake mahususi, na kila sababu ina dawa yake. Asiyezitenganisha huishia kutibu maradhi asiyokuwa nayo: ataongeza nikotini ilhali kinachomsumbua ni mazoea, au atajilaumu kwa kukosa uthabiti ilhali kinachomtetemesha ni kahawa.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) husema kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2014 ulibaini kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima, yaani takriban watu milioni 2.5, walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Kwa mvutaji aliyefaulu kuweka sigara kando, kurejea kwake kwa sababu ya kutoelewa yanayomsibu ni hasara kubwa.

Kabla ya kuendelea, ifahamike kwamba makala haya yanamhusu mtu mzima ambaye tayari ni mvutaji na ambaye ameamua kutumia mvuke kama daraja la kuvukia. Asiyevuta, hasa kijana, hana sababu yoyote ya kukigusa kifaa hiki.

Tofauti ya moshi na mvuke

Wazo la kuvuta pasi na moto si geni. Mmarekani Herbert Gilbert aliliombea hataza mnamo 1963, lakini kifaa chake hakikupata soko. Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilibuniwa mnamo 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji.

Kifaa hiki, ambacho vijana wetu hukiita vepu, huwa na betri, waya mdogo unaopashwa moto na kioevu. Kioevu hicho aghalabu hutengenezwa kwa gliserini, propilini glaikoli, viungo vya ladha na nikotini. Waya unapopata moto, kioevu hugeuka kuwa mvuke ambao mtumiaji huuvuta.

Hakuna kinachoungua, na hapo ndipo penye tofauti. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kwa sigara, lakini yanayomuua hasa ni mambo mengine yaliyomo ndani ya moshi, ikiwemo lami na hewa ya kaboni monoksidi.

Je, kuhamia mvuke humsaidia mtu kuacha sigara? Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2019 uliwafuatilia watu 886 waliokwenda katika vituo vya serikali vya kuwasaidia wavutaji. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliopewa vibandiko, chingamu na bidhaa nyingine za nikotini.

Takwimu hizo zina pande mbili. Zinaonyesha kwamba kifaa kinaweza kusaidia. Lakini pia zinaonyesha kwamba hata kwa msaada wa wahudumu wa afya, zaidi ya watu wanane katika kila kumi hawakufaulu. Kwa hivyo anayelemewa na hamu hayuko peke yake.

WHO, kwa upande wake, haijakumbatia vifaa hivi. Mnamo Desemba 2023 ilisema havijathibitishwa kuwasaidia watu kuacha tumbaku katika kiwango cha taifa zima, na ikazitaka serikali zichukue hatua za dharura kuwalinda watoto. Pande zote mbili zinakubaliana kwa jambo moja: mvuke si hewa safi, na asiyevuta asianze.

Nikotini isiyotosha

Sababu ya kwanza ya hamu, na iliyo rahisi kurekebisha, ni kwamba mwili haupati nikotini kwa kiasi na kasi uliyozoea.

Moshi wa sigara ni mjumbe mwepesi mno. Mtu anapovuta, nikotini hupita mapafuni, huingia katika damu na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko hushika vipokezi maalumu na kuufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayoleta hisia ya kuridhika. Kadiri mtu anavyoendelea kuvuta ndivyo vipokezi hivyo vinavyoongezeka na kudai haki yao.

Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa takriban saa mbili. Ndiyo maana mvutaji hawezi kukaa muda mrefu bila sigara nyingine, na ndiyo maana sigara ya asubuhi, baada ya usiku mzima bila nikotini, huwa tamu kupita zote.

Nikotini ikipungua ghafla, mtu hupatwa na hali ambayo waraibu wa mihadarati katika pwani huiita arosto. Hukasirika upesi, hukosa utulivu, hushindwa kumakinika, hulala vibaya na huhisi njaa ya ajabu. Hali hii hufikia kilele katika siku mbili au tatu za mwanzo na kwa kawaida hufifia ndani ya wiki mbili hadi nne.

Aliyehamia mvuke hapaswi kuteseka hivyo, kwa kuwa bado anapata nikotini. Akiteseka, kuna uwezekano kwamba kioevu chake ni hafifu mno au anakivuta vibaya.

Kila sigara humwachia mvutaji takriban miligramu 1 hadi 2 za nikotini mwilini. Aliyekuwa akivuta pakiti nzima kwa siku, kisha akanunua kifaa kidogo chenye kioevu cha miligramu 3 kwa mililita, amejipunja. Kioevu hafifu kama hicho kilikusudiwa vifaa vikubwa vinavyotoa mvuke mwingi. Kwa kifaa kidogo, mvutaji wa kiwango hicho mara nyingi huhitaji kioevu kinachokaribia miligramu 20 kwa mililita, ambacho ndicho kikomo kinachoruhusiwa Uingereza na katika Muungano wa Ulaya.

Hapa Kenya msomaji awe macho anaposoma kibandiko. Asilimia 2 ina maana ya miligramu 20 kwa mililita, na asilimia 5 ni miligramu 50. Kiwango hicho cha pili kinazidi mara mbili kikomo cha Uingereza, na mvutaji wa sigara chache kwa siku atakuwa anajiongezea uraibu badala ya kuupunguza.

Mwili wenyewe utakuambia umekosea upande gani. Hasira na hamu isiyokatika huashiria upungufu. Kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio huashiria kwamba umezidisha, na hapo yafaa uweke kifaa chini.

Namna ya kuvuta pia ni tofauti. Sigara huvutwa kwa nguvu kwa sekunde moja au mbili. Kifaa cha mvuke huhitaji kuvutwa polepole na kwa utulivu, sekunde tatu au nne, ili waya upate moto. Anayekivuta kama sigara huambulia mvuke mchache, kisha akalalamika kwamba hakikati kiu.

Katika siku za mwanzo, usisubiri hamu ikupande kichwani ndipo utafute kifaa. Vuta kidogo kidogo, na hasa mara tu unapoamka, kabla nikotini haijashuka mno.

Pengo lililoachwa na moshi

Hata nikotini ikitosha, wengi husema kuna kitu kimekosekana. Hawakosei.

Mnamo 1996, watafiti wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani wakiongozwa na Joanna Fowler waligundua kwamba ubongo wa wavutaji ulikuwa na upungufu wa asilimia 40 hivi wa kimeng'enya kimoja kinachovunjavunja dopamini. Kinachokizima kimeng'enya hicho ni kemikali nyingine zilizomo katika moshi, wala si nikotini.

Maana yake ni kwamba moshi huifanya dopamini idumu zaidi. Mvuke hauna uwezo huo kwa kiwango kama hicho, na kimeng'enya kilichozimwa kwa miaka hakirejei katika hali yake kwa usiku mmoja. Kwa majuma kadhaa, mtu anaweza kupata nikotini yake yote na bado akahisi kwamba ulimwengu umepungukiwa na rangi.

Kwa pengo hili, kuongeza nikotini hakusaidii sana. Muda ndio tiba. Anayejua kwamba hisia hiyo itapita huistahimili vyema kuliko anayedhani ndiyo hali yake ya kudumu.

Kuna pia mambo ya koo na mdomo. Propilini glaikoli na gliserini hufyonza maji, hivyo mtumiaji hukaukwa na mdomo na koo. Ukavu huo hufasiriwa na wengi kama kiu ya sigara. Kunywa maji kwanza, kisha usikilize kama hamu bado ipo.

Ladha nayo ina mchango wake. Baadhi ya watu hupendelea kioevu chenye ladha ya tumbaku kwa sababu kinawakumbusha walikotoka. Wengine hugundua kwamba ukumbusho huo ndio unaowatesa, nao huhamia ladha isiyofanana na sigara hata kidogo. Hakuna kanuni moja hapa; kila mtu ajipime.

Mazoea yana taabu

Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, kila moja akiivuta mara kumi, hupeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku. Kwa mwaka ni mara 73,000. Ni kazi ngapi nyingine ambazo binadamu huzirudia kiasi hicho?

Kila mara, kitendo hicho kiliandamana na jambo fulani: chai ya saa nne, sahani ya ugali inapoondolewa mezani, kusubiri matatu kituoni, simu ya mkopeshaji, chupa ya pombe Ijumaa jioni. Msomi wa Kirusi Ivan Pavlov alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita jinsi mbwa anavyoweza kutokwa na mate kwa kusikia ishara tu iliyozoeleka kutangulia chakula. Ubongo wa mvutaji hufanya vivyo hivyo.

Ndiposa mtu anaweza kukaa kazini asubuhi nzima bila taabu, kisha akashikwa na hamu kali pindi anapoketi mahali alipozoea kuvutia. Nikotini yake haikupungua ghafla. Mahali pale pamemwita.

Hamu ya namna hii huondoka kwa njia moja tu: ishara irudiwe mara nyingi bila sigara kufuata. Kila unapokunywa chai na usivute, unaulegeza uzi mmoja. Lakini mwanzoni si busara kukabiliana na nyuzi zote kwa pamoja.

Badilisha utaratibu kwa majuma machache. Kama ulizoea kuvuta baada ya mlo, inuka upesi uoshe vyombo au upige mswaki. Kama ulikuwa ukikutana na wenzako katika kibanda cha wavutaji, tafuta mahali pengine pa kupumzikia. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: mtumiaji wa mvuke akiingia pale kuvuta kifaa chake, atakuwa amezungukwa na moshi, harufu na marafiki wenye pakiti zilizofunguliwa.

Pombe inastahili kutajwa peke yake. Huamsha mazoea na wakati huo huo hudhoofisha azma. Si lazima mtu aiache milele, ila mwezi wa kwanza bila ulevi utamwepushia vita visivyo na ulazima.

Kahawa inapojifanya hamu

Sababu ya nne haijulikani na wengi, na huenda ndiyo inayowahadaa watu zaidi.

Moshi wa sigara huliamsha ini kuharibu kafeini kwa kasi kubwa. Ndiyo sababu wavutaji huweza kunywa kahawa nyingi bila kusumbuka. Kinacholiamsha ini ni kemikali zinazotokana na kuungua kwa tumbaku, wala si nikotini. Kwa hivyo anayehamia mvuke hupoteza kichocheo hicho sawasawa na anayeacha kabisa.

Matokeo ni kwamba vikombe vile vile vya kahawa vinaweza kumwachia kiasi cha kafeini katika damu kinachokaribia mara mbili ya alichozoea, au zaidi. Atatetemeka mikono, atakosa usingizi, atakuwa na wasiwasi na moyo utamdunda. Dalili hizo zinafanana mno na arosto. Naye, kwa kutojua, atahitimisha kwamba anahitaji sigara ili atulie.

Tiba ni nyepesi: punguza kahawa kwa nusu katika majuma ya mwanzo, na usinywe baada ya adhuhuri. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina kafeini, ingawa si nyingi kama ya kahawa.

Mabadiliko hayo ya ini hugusa pia baadhi ya dawa. Wanaotumia clozapine au olanzapine kwa maradhi ya akili, au theophylline kwa pumu, wamfahamishe daktari kwamba wameacha kuvuta moshi, kwa sababu huenda kipimo cha dawa kikahitaji kupunguzwa. Wenye kisukari wanaotumia insulini nao wapime sukari yao mara nyingi zaidi.

Dakika tano za vita

Hamu inapopanda, mtu huhisi kwamba itaendelea kuongezeka hadi atakapovuta. Sivyo. Hamu hupanda kama wimbi, hufika kileleni, kisha hushuka. Kwa kawaida makali yake hudumu dakika chache tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyefariki 2011, aliwafundisha waraibu wasipigane na wimbi hilo bali walipande. Mtu hutulia, akaitazama hamu ilivyo: inakaa wapi mwilini, kifuani au kooni? Inaongezeka au inapungua? Anapoichunguza hivyo bila kuitii, huiona ikipita.

Wasioweza kukaa kimya wana njia nyingine. Tembea kwa haraka kwa dakika kumi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hata matembezi mafupi hupunguza hamu. Kula tunda kama una njaa, kwa maana njaa nayo hujivika vazi la hamu. Shughulisha mikono. Mpigie simu mtu anayejua kwamba umeacha.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kuweka umbali kati yako na sigara. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 hairuhusu sigara kuuzwa katika pakiti yenye chini ya sigara 10. Hata hivyo, kila anayepita mtaani anajua kwamba vibanda huuza moja moja. Biashara hiyo ndiyo adui mkubwa wa aliyehamia mvuke, maana hamu ya dakika tano hukutana na sigara iliyo umbali wa hatua ishirini na yenye bei ya sarafu chache.

Basi usitembee na sarafu hizo mfukoni ukipita pale. Badilisha njia. Mwambie mwenye kibanda, kama mnafahamiana, kwamba asikuuzie. Nyumbani usiweke hata sigara moja ya akiba, wala kiberiti cha gesi, wala kisahani cha majivu. Pia hakikisha kifaa chako kina chaji na kioevu, kwa sababu betri iliyokufa saa tatu usiku imewarudisha wengi kwenye moshi.

Mshika mbili moja humponyoka

Kuna wanaoridhika kupunguza tu: mvuke mchana ofisini, sigara tatu nne jioni. Hujihesabia kwamba kutoka sigara 20 hadi tatu ni ushindi mkubwa.

Kwa mapafu, kupungua huko kuna nafuu kiasi. Kwa moyo, hesabu ni tofauti kabisa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 katika jarida la tiba la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba kati ya asilimia 40 na 50 ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Mishipa ya damu haisamehe kwa uwiano.

Isitoshe, kila sigara ya jioni huyaamsha upya mazoea yaliyokuwa yakifa. Anayechanganya hujinyima nafasi ya kuzoea mvuke na hubaki na hamu daima. Kama huwezi kuhama kwa siku moja, jipe tarehe, isizidi majuma machache, na baada ya hapo sigara iwe haramu kwako.

Baadhi ya wataalamu huruhusu kibandiko cha nikotini kitumike pamoja na kifaa cha mvuke kwa wale ambao hamu yao ni kali. Kibandiko hutoa nikotini polepole mchana kutwa, nacho kifaa hushughulikia mawimbi ya ghafla. Hili lifanywe kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Ukiteleza

Wengi watateleza. Katika harusi, matangani au baada ya ugomvi nyumbani, mkono utapokea sigara kabla akili haijasema neno.

Marlatt alitofautisha kuteleza na kuanguka. Aligundua kwamba kinachomrejesha mtu katika uraibu mara nyingi si ile sigara moja, bali fikra inayofuata: "Nimeshaharibu, basi liwalo na liwe." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sigara moja baada ya majuma matatu haifuti majuma hayo.

Badala ya kujilaumu, jiulize: ilikuwa saa ngapi, nilikuwa na nani, nilikuwa nimekunywa nini, kifaa changu kilikuwa wapi? Majibu yatakuonyesha ni ipi kati ya sababu tulizozitaja iliyokuangusha, na hapo ndipo pa kuziba.

Mbali na hayo, wapo wanaorejea kwa kuamini kwamba sigara huwatuliza nyoyo. Sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondoka kwa arosto iliyoletwa na sigara ya awali. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba walioacha kuvuta walipungukiwa na wasiwasi na msongo wa mawazo, wala hawakuongezewa.

Daraja si makao

Mvuke hauondoi uraibu wa nikotini, unauhamisha. Katika ule utafiti wa Uingereza wa 2019, asilimia 80 ya waliofaulu kuacha sigara kwa kutumia kifaa walikuwa bado wanakitumia mwaka mmoja baadaye. Miongoni mwa waliofaulu kwa vibandiko na bidhaa nyingine za nikotini, ni asilimia 9 pekee waliokuwa bado wanazitumia.

Kwa hivyo safari ina hatua mbili, nazo zisichanganywe. Kwanza ondoka katika moshi kabisa na utulie. Hamu ya sigara ikishakuwa jambo la nadra, anza kushuka: kutoka miligramu 20 hadi 12, kisha 6, kisha 3, ukikaa katika kila ngazi majuma kadhaa. Sambamba na hilo, punguza mahali unapotumia kifaa. Anza kwa kukiondoa chumbani mwa kulala, kisha garini, kisha mezani.

Ukishuka ngazi na hamu ya sigara ikarejea kwa nguvu, panda tena ngazi moja na usubiri. Ni heri ukawie katika mvuke kuliko kurudi katika moshi. Mtu akiacha nikotini yote, vipokezi vya ubongo hurejea katika idadi ya asiyevuta kwa muda wa majuma sita hadi 12.

Katika muda wote huo, usalama uzingatiwe. Mnamo 2019, Marekani ilikumbwa na mkurupuko wa ugonjwa wa mapafu uliolaza watu zaidi ya 2,800 hospitalini na kuua 68 kufikia Februari 2020. Wachunguzi waliuhusisha hasa na vioevu vya bangi vilivyochanganywa na mafuta ya asetati ya vitamini E, vingi vikiwa vimenunuliwa mitaani. Usinunue kioevu kisicho na kibandiko wala usijichanganyie mwenyewe. Kiweke mbali na watoto, kwa kuwa nikotini ikimezwa ni sumu.

Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wasianze safari hii peke yao. Wamwone daktari kwanza.

Mwisho, kifaa cha mvuke si njia ya pekee. WHO iliweka vibandiko na chingamu za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo 2009, na mnamo 2021 ikaongeza dawa za varenicline na bupropion, ambazo hupunguza hamu na hutolewa kwa agizo la daktari. Anayelemewa anaweza pia kupiga simu ya bure ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA), nambari 1192, akapata mshauri wa kuzungumza naye. Aitumie nambari hiyo kabla ya kufika kibandani.